Jina la Kaa wa Luchelele

Jumatatu, 3 Februari 2025

Naomba radhi. Kurasa hizi sikuzigusa tangu Sabasaba ya mwaka jana, na mtu aliyewafundisha vijana kuandika kila siku hana haki ya kunyamaza hivyo. Sababu ninayo, hata hivyo. Sababu ni kaa.

Nieleze kwa utaratibu. Daktari wa presha aliniamuru nitembee. Nikaanza kutembea ufukweni mwa ziwa, Luchelele, hapa Mwanza. Siwezi kutembea bila kazi, kwa hiyo nikawa nainua mawe na kuwachunguza kaa walio chini yake. Bwana Shiraz, mfanyabiashara mstaafu wa nyavu, anatibiwa kliniki ileile. Naye akaamriwa atembee. Ndivyo tulivyokuwa wawili.

Novemba niliinua jiwe. Chini yake, kaa mdogo kuliko kifungo cha koti. Gamba la kijivu. Gando moja jeupe kama chaki. Mimi niliinua, Bwana Shiraz aliona. Yeye hudai kwamba kuona ndiko kugundua. Upuuzi! Jiwe lisingeinuka angeona nini?

Kaa huyo hayumo katika kitabu changu cha viumbe wa ziwa. Tukatuma picha Dar es Salaam kwa Dkt. Hellen, niliyemfundisha sekondari, ambaye sasa ni mtaalamu wa kaa wadogo waishio ndani ya matumbawe ya bahari. Huwapanga kwa spishi na kuchora ramani ya mahali kila spishi inapopatikana. Kazi safi. Mtoto alikuwa na mwandiko mzuri tangu zamani.

Leo amejibu. Anasema huenda huyu ni spishi mpya. Neno "huenda" amelipigia mstari. Anasema yeye amezama kwenye matumbawe yake hadi shingoni, hivyo mmoja wetu aandike maelezo ya kaa huyu, naye atasahihisha. Mwandishi ndiye atakayetoa jina la kisayansi. Ila kwa desturi ya wenzake, mwandishi hampi kiumbe jina lake mwenyewe. Humheshimu mtu mwingine.

Sentensi hiyo niliisoma nikiwa nimesimama.

Mambo ni wazi. Nikiandika mimi, jina si langu. Akiandika Shiraz, atamheshimu nani kama si rafiki yake aliyeinua jiwe? Ndalahwai! Hivyo ndivyo Kilatini kitakavyolifanya jina langu. Lina uzito. Pale shuleni kulikuwa na jengo la madarasa lililoitwa Ndalahwa. Mwaka juzi walipaka rangi upya, na jina halikurudishwa ukutani. Kaa hapakwi rangi.

Shiraz ataandika. Nimeazimia.


Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda Mirongo, nyumbani kwa Bwana Shiraz, ghorofani juu ya duka la nyavu. Duka sasa linaendeshwa na binti yake, Nisha. Bango la zamani lilisema Shiraz na Wanawe. Jipya linasema Nisha Zana za Uvuvi. Nimelisoma mara mbili kwa sauti wakati wa kupanda ngazi, ili asikie.

Amenikaribisha kwa chai ya tangawizi na kachori. Kisha akafungua kabati la vioo na kunionesha, kwa mara nyingine, tumbawe alilopewa na wakwe zake wa Tanga, lenye kaa wawili wakavu kati ya matawi yake. Akanieleza, kwa mara nyingine, kwamba kaa hao huishi mume na mke katika tumbawe moja na kumfukuza kila mgeni. Ana maana kwamba yeye alijua kaa kabla yangu. Nimemwachia aseme.

Ndipo nikamwambia, kwa unyenyekevu, kwamba heshima ya kuandika ni yake. Akaweka kikombe chini. Akasema hapana, hapana, Mwalimu wangu, mimi ni mtu wa nyuzi na ndoana, kalamu ni yako. Nikasema macho yaliyoona ni yako. Akasema mkono ulioinua ni wako! Tangu Novemba hajawahi kukubali hilo hata siku moja, na leo amelikubali akiwa na kachori mdomoni.

Nikaelewa. Naye amepata barua pepe ileile. Mbweha!

Tumebembelezana hadi chai ikapoa. Nisha alipanda kuchukua funguo, akasimama mlangoni, akasikiliza. Akasema hajawahi kuwaona wazee wenye adabu namna hii, kwani mnagombania kulipa bili ya hoteli? Tukamjibu kwa pamoja kwamba ni mambo ya sayansi.


Jumatano, 5 Februari

Nimepata njia. Sheria haisemi mwandishi awe nani. Mke wangu Dorotea anajua kusoma na kuandika vizuri sana. Nimwandikie kila kitu, yeye aweke sahihi yake, na mke mwema atamheshimu nani kama si mumewe?

Nilimwambia akiwa anachambua mchele. Akauliza kama ni kweli mwandishi ndiye hutoa jina. Nikasema ndiyo. Akauliza jina lolote? Nikasema ndani ya heshima, ndiyo. Akakubali papo hapo, bila hata kuacha mchele. Kaa ataitwa Bernadeta, kwa jina la marehemu mama yake mzazi.

Mama Bernadeta tuliishi naye hapa Nyakato. Kuhusu magando sina pingamizi. Lakini si kwa ajili hiyo nilichosha miguu kule Luchelele.

Nimesema jambo hili linahitaji tafakari. Dorotea akasema tafakari tu, Baba Obedi, lakini mimi mama yangu nimeshamwona kwenye kaa, siwezi tena kumtoa. Kisha akauliza kwa nini nahangaika na jina wakati mtoto wa Obedi anaitwa Ndalahwa. Nikamkumbusha kwamba mtoto huyo mtandaoni hujiita Ndaboy. Akacheka hadi mchele ukamwagika.

Nimefuta ombi. Yeye anasema halijafutika. Jioni nimemkuta kwenye karai ninamofugia kaa, akiwaita mama.


Alhamisi, 6 Februari

Barua nyingine ya Dkt. Hellen. Maelezo hayatakamilika bila kutaja kaa anapatikana wapi na wapi. Je, yupo Luchelele tu, au na ng'ambo ya pili?

Kabla sijamaliza kusoma, simu ya Bwana Shiraz. Ana pendekezo la kiungwana. Jumamosi tuvuke kwenda Kamanga. Kila mtu atafute upande wake wa ufuko. Atakayempata kaa huyo Kamanga, jina litakuwa lake, na mwenzake ataandika bila kinyongo. Nikakubali. Tukapeana mikono kwenye simu, yaani kila mmoja aliushika mkono wake mwenyewe.

Nikakaa kufikiri. Kaa wa Kamanga huenda yupo. Huenda hayupo. Je, jambo zito namna hii liachiwe bahati? Mkulima hungoja mahindi yajioteshe? La! Hupanda.

Nimechagua kaa wanne kutoka kwenye karai. Tatizo ni kwamba kaa wangu wote nimewaandika namba tumboni kwa rangi ya kucha ya Dorotea, nyekundu, kwa ajili ya kumbukumbu. Nimezifuta kwa dawa yake ya kutolea rangi. Watatu wametulia kama wanafunzi wa kidato cha kwanza. Namba 9 amenibana kidole hadi nikapiga kelele. Nimemwacha na namba yake. Ipo tumboni. Nani atamgeuza?

Wamelala ndani ya hotpoti ya wageni, juu ya kitambaa kibichi. Dorotea asijue.


Jumamosi, 8 Februari

Nimerudi. Nimeoga. Naandika kwa utulivu ninaoulazimisha.

Kwenye kivuko Bwana Shiraz alikuwa na chupa kubwa ya chai aliyoipakata safari nzima. Sikukaribishwa hata tone. Nikasema moyoni, uchoyo wa wafanyabiashara. Naye aliitazama sana hotpoti yangu. Akauliza kama Mama Obedi amefunga wali. Nikasema ni viporo, havifai kwa mtu wa presha.

Kamanga tukagawana ufuko. Mimi kulia, yeye kushoto. Nikasubiri mgongo wake uzibwe na majabali, nikawapanda kaa wangu wanne chini ya jiwe zuri lenye kivuli. Nikapumzika kidogo. Mgunduzi hatakiwi kuwahi kupita kiasi.

Hapo ndipo alipotokea kijana mmoja anayeitwa Mashimba, akinywesha ng'ombe wake. Akanisalimu vizuri, shikamoo mzee. Nikaitikia marahaba. Akauliza nimepoteza nini. Nikasema sijapoteza kitu, natafuta. Akauliza natafuta nini. Nikasema kaa. Akatabasamu tabasamu baya. Akaenda zake, na nikadhani yamekwisha.

Kumbe alikwenda kutangaza! Wazee wawili wa mjini, mmoja Mhindi, wanainua mawe ya ufukweni: nini kama si rupia za Mjerumani zilizofukiwa zamani? Dakika si nyingi kulikuwa na watu kama wa mnada. Wanawake waliokuwa wanakaanga samaki waliacha mafuta motoni. Akaja na mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Chenge, amevaa koti juu ya fulana. Mashimba akatuambia wazee wetu, kama Wajerumani waliwaonesha ramani semeni tu, tutagawana, sisi hatuna ubaya.

Bwana Shiraz akaapa kwamba ni kaa. Nikaapa kwamba ni kaa. Mzee Chenge akasema hajawahi kuona watu wawili wenye nguo safi wakivuka ziwa kufuata kaa asiyejaza hata kijiko. Akaona kila mmoja wetu amechagua upande wake, hivyo kila mmoja anajua alichoficha. Akatoa amri: kila mzee akainue mawe ya mwenzake, hadharani, mbele ya macho yake.

Mbele ya macho yake!

Nikavutwa kushoto. Shiraz akavutwa kulia. Watu wakajigawa kama mashabiki uwanjani. Jiwe la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. La tatu, kaa watatu. Kijivu. Gando jeupe. Kisha nikaona kwamba kila gando limefungwa kwa uzi wa kijani wa nailoni, kwa lile fundo dogo la nyavu ambalo katika Mwanza nzima naamini ni Bwana Shiraz peke yake anayelifunga hivyo, na kulisifia pia.

Nikageuka. Kule kulia Bwana Shiraz alikuwa amesimama na kaa mkononi. Amemgeuza tumbo juu. Anasoma.

Tukatazamana.

Mashimba akachungulia wangu, akakimbia akachungulia wake, akarudi. Akapaza sauti ili ng'ambo ya Mwanza nako wasikie: huku wamefungwa kamba, kule wameandikwa namba! Wazee, hawa mnawatafuta au mnawafuga? Watu wakaangua kicheko. Bwana Shiraz akasema, kwa uso mkavu kabisa, kwamba pande hizi kaa hunaswa sana na nyavu. Nami nikasema alama nyekundu ni jambo la kawaida kwa baadhi ya kaa. Mzee Chenge akavaa miwani, akasema mbona inafanana na tisa. Nikamwonesha kwamba ukiigeuza ni sita. Kitu ambacho ni tisa na ni sita hakiwezi kuwa namba. Akafikiri kidogo, akaitikia kwa kichwa.

Hakuna aliyeweza kumshtaki mwenzake bila kujishtaki. Tukasema kwa pamoja: wamepatikana. Tukamwandikia Dkt. Hellen: Kamanga, wamepatikana. Tukawarudisha kaa chini ya mawe yao, kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, tukapanda kivuko. Yeye alikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma, karibu na mbuzi.

Wote tumepata. Kwa hiyo hakuna aliyeshinda. Ila aibu, nadhani, yake ni kubwa zaidi. Watatu wamefungwa kamba, dhidi ya mmoja wangu mwenye namba.


Jumatatu, 10 Februari

Dkt. Hellen yupo Mwanza kwa mkutano, akaja kutusalimu hapa Nyakato. Shikamoo Mwalimu, kwa magoti kabisa, ingawa ni daktari wa falsafa. Bwana Shiraz tayari alikuwa ameketi sebuleni kwangu, na shati la pasi. Dorotea alipika sato wa nazi, akamweleza mgeni habari za mama yake Bernadeta tangu kuzaliwa hadi kuzikwa.

Baada ya chakula Dkt. Hellen akawaangalia kaa wa kwenye karai kwa kioo chake cha kukuzia. Akawageuza. Akauliza za nini hizi namba nyekundu. Nikasema kumbukumbu. Bwana Shiraz akakohoa.

Kisha akakaa, akasema anasikitika. Alikuwa na matumaini makubwa na kaa huyu. Kule baharini, alisema, unaweza kukuta kaa wa tumbawe moja hawafanani na wa tumbawe la jirani, na ndiyo maana mahali kiumbe anapoishi ni nusu ya ushahidi. Kama kaa wetu angekuwa kwenye mawe ya Luchelele tu, angesema bila wasiwasi kwamba ni wa pekee. Lakini sisi tumemkuta na Kamanga, ng'ambo ya maji mengi. Kaa mdogo namna hii havuki ghuba kwa kuogelea. Maana yake yupo kila mahali, na kama yupo kila mahali, basi pengine ni mtoto tu wa yule kaa wa kawaida tunayemjua wote. Hakuna spishi mpya. Hakuna jina.

Hakuna jina!

Nikamtazama Bwana Shiraz. Alikuwa anatazama zulia. Tulihitaji mtu wa kusema maneno mepesi sana: Kamanga si kweli. Nikamngoja aseme. Nadhani naye aliningoja. Dorotea akatuuliza kama samaki alikuwa na mwiba.

Dkt. Hellen akafunga mkoba. Akasema tusikate tamaa mapema; keshokutwa atavuka mwenyewe kwenda Kamanga, atazungumza na watu wa ufukweni, huenda kuna aliyeona jambo.

Mashimba! Mashimba ameona kila jambo.


Jumanne, 11 Februari

Sikulala vizuri, lakini nimeamka na msimamo. Kaa lazima aokolewe. Ili aokolewe, Kamanga lazima ifutwe. Ili ifutwe, ukweli lazima usemwe. Na ukweli ni kwamba Bwana Shiraz alisafirisha kaa watatu ndani ya chupa ya chai na kuwapanda ng'ambo. Huo ni ukweli mtupu. Mtu anayesema ukweli hawajibiki kusema ukweli wote uliopo duniani.

Nimekwenda katika nyumba ya wageni alikofikia Dkt. Hellen. Kwenye ngazi nikakutana uso kwa uso na Bwana Shiraz anatoka, mikono mitupu. Akasema alipita tu kumwachia mtoto vitamu vya ladu. Nikasema nami napita tu. Akashuka haraka kuliko daktari wake anavyomruhusu.

Dkt. Hellen alinikaribisha kiti. Boksi la ladu lilikuwa mezani. Nikaanza kwa utangulizi, kuhusu uaminifu, kuhusu wajibu wa msomi hata pale rafiki anapoteleza. Akanisikiliza kwa adabu. Kisha akaniuliza, samahani Mwalimu wangu, umekuja kumsema Bwana Shiraz au kujisema mwenyewe? Maana yeye ametoka sasa hivi, naye hakuja kujisema.

Nikauliza amesema nini. Akasema ameambiwa habari za hotpoti ya wageni na namba tisa.

Msaliti! Rafiki wa miaka yote hii anapanda ngazi kwenda kumchongea mwenzake! Nikamwambia Dkt. Hellen kwamba nimevunjika moyo kuona mtu anaweza kufanya kitendo kama hicho. Kisha nikamweleza habari za chupa ya chai na uzi wa kijani, kwa ajili ya usawa.

Akacheka. Akavua miwani, akafuta macho, akaivaa, akacheka tena. Kumbe kaa wenu, akasema, walivuka kwa kivuko kama abiria wengine!

Kisha akaacha kucheka. Akasema viumbe havihamishwi hovyo kutoka ufuko hadi ufuko, na hilo mimi mwenyewe ndimi niliyemfundisha kidato cha pili. Amefuta Kamanga. Kesho tutavuka wote, tukawachukue kaa wote tuliowapanda. Na maelezo hatutaandika sisi. Ataandika yeye, hata kama kaa wa matumbawe watamngoja.

Nikasema ndiyo, Daktari. Ni mara ya kwanza kumwita hivyo.

Nilifika barabarani ndipo nikaelewa alichosema. Ataandika yeye! Basi anaweza kumheshimu mtu yeyote. Mlango ambao tuliufunga kwa mikono yetu umefunguka wenyewe.


Jumatano, 12 Februari

Kamanga. Mashimba alituona tangu kivuko kikiwa majini, akawaita wenzake. Wazee wa kaa wamekuja kuvuna! Mzee Chenge naye alikuwepo, na koti lake. Dkt. Hellen aliwasalimu, akawaeleza kila kitu kwa lugha nyepesi, na watu wale wale waliotucheka wakamletea kigoda. Aliinua mawe ya ufuko mzima, huku na huku. Kaa wa kawaida, wengi. Kaa wetu, wale tu waliokuja nasi. Watatu wenye kamba, watatu safi, na Namba 9 ambaye hakukubali kukamatwa hadi alipombana Mashimba. Sikusikitika.

Luchelele, basi, ndiko nyumbani kwake peke yake, kadiri tunavyojua. Dkt. Hellen aliandika akitabasamu. Safari hii "huenda" hakulipigia mstari.

Wakati wa kurudi alikaa juu na nahodha. Mimi na Bwana Shiraz tulibaki kwenye benchi moja, kwa kuwa mengine yalijaa. Akafungua chupa ya chai. Ndani safari hii kulikuwa na chai. Akanimiminia. Nikanywa. Kisha akasema lile bango la dukani Nisha alilibadilisha siku yeye alipokuwa amelazwa. Alitoka hospitali akapita mbele ya duka lake mwenyewe asilijue. Nikamwambia kuhusu jengo la madarasa. Akauliza rangi gani walipaka. Nikasema ya maziwa. Akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

Ndipo tulipopatana. Imetosha kuchongeana. Kila mmoja atamwandikia Dkt. Hellen barua ya kumpendekeza mwenzake. Mimi nimpendekeze Shiraz, Shiraz anipendekeze mimi, na yeye aamue kwa hekima yake. Tukashikana mikono, ya kweli mara hii. Macho yake yalikuwa na machozi. Au ni upepo wa ziwa. Vyovyote vile, niliguswa.


Alhamisi, 13 Februari

Barua imekwenda. Nimeiandika asubuhi kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa ahadi ni ahadi.

Nimempendekeza Bwana Shiraz kwa moyo wote. Nimesema ni mtu mkarimu ambaye kachori zake hazina mfano. Nimesema kuhusu kaa amejitahidi kadiri ya uwezo wake, na kwamba pale asipojua, hukisia kwa ujasiri. Nimesema mafundo yake ni imara, kama Dkt. Hellen alivyojionea mwenyewe. Nimeeleza kwamba ninalipenda sana jina shirazi, na kwamba hofu ya watu kwamba wasomaji watadhani kaa huyo ametoka Uajemi isizingatiwe. Mwisho, kwa ajili ya ukamilifu tu, nimetaja ni nani aliyeinua jiwe.

Dorotea alisoma nakala. Akasema Baba Obedi, hii ni barua ya kumpendekeza mtu au ya kumfukuza kazi? Nikamwambia haelewi maandishi ya kitaalamu. Akasema sawa, yake ameshatuma. Nikauliza yake ipi. Akarudi jikoni akiimba.

Sina wasiwasi. Nina hakika Bwana Shiraz ameniandikia mimi kwa uaminifu uleule.

Dkt. Hellen anasema kwanza atalinganisha kaa wetu na wa kwenye makumbusho, kisha ndipo atakapochagua jina. Siku akiamua, nitafungua ukurasa huu na kuandika. Rufaa nimekwisha kuiandaa.